Okutoyi alimfunga Mboko fainali Wimbledon 2022. Leo mmoja ana taji la Montreal, mwingine yuko chuo. Tatizo ni nini?

#1 Mkesha Hoi (8 Agosti 2025)
Wakuu habari zenu. Nimelala saa kumi alfajiri na macho mekundu kama pilipili, kisa fainali ya tenisi ya Montreal. Yule binti Victoria Mboko, miaka 18 tu, kamchapa Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Kaingia kwenye mashindano kwa waildikadi (nafasi ya upendeleo wanayotoa waandaaji) akiwa nafasi ya 85 duniani halafu kawatoa Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka, yaani mabingwa wanne wa Grand Slam (yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi) kwenye shindano moja.

Sasa kinachoniuma. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alimfunga huyuhuyu Mboko fainali ya Wimbledon. Miaka mitatu tu imepita. Mmoja leo kakabidhiwa kombe na dola laki saba na ushee, mwingine hata kwenye 100 bora hayumo. Mimi nasema Afrika Mashariki tumemuua yule binti kwa kutokujali. Karibuni mnibishie.

#2 Kaa la Moto
Siti ya mbele nimeshaikalia, leteni karanga.

#3 BintiMvita
Mkesha Hoi pole na usingizi lakini rekebisha kidogo. Ile ilikuwa fainali ya vijana, tena wawili wawili. Okutoyi alicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Mboko. 3-6, 6-4, halafu badala ya seti ya tatu wakacheza tai-breki ndefu ya pointi kumi, 11-9. Sio kwamba Angella alisimama na Mboko ana kwa ana akamfunga. Na Mboko siku ile alikuwa na miaka 15, Angella 18.

#4 Mkesha Hoi
Sawa dada nimekubali, nilikuwa na usingizi. Lakini hoja iko palepale, walikuwa uwanja mmoja.

#5 chapo254
11-9 maanake ilifika 9-9. Point mbili tu zingeenda huko kwingine na huu uzi haungekuwepo. Mimi hiyo mechi niliitazama kwa simu ya mtu kwa mat, sijui hata nilishukia wapi. Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, hata kama ni la watoto, hiyo hawezi nyang'anywa na mtu.

#6 Goma Mulima
Jambo bandugu. Ule mutoto Mboko ni wa kwetu Congo, baba na mama walitoka kule. Musimuandike tu Mukanada Mukanada.

#7 Kaa la Moto
Wazazi wake si wa Kinshasa? Kinshasa ni Lingala, ndugu wa Goma hapo umedandia treni kwa mbele 😂

#8 Goma Mulima
Kinshasa na Goma bendera ni moja. Wewe wa Dar akishinda mutu wa Kigoma haufurahi?

#9 Kaa la Moto
Nafurahi sana, ila hiyo siku haijafika.

#10 Mzee wa Kona
Tuongee kwa data sasa. Mboko hakuzaliwa hata Canada, kazaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 2006, ndo familia ikahamia Ontario akiwa bado mchanga. Ni kitindamimba, kaka wawili na dada mmoja, wote walicheza tenisi. Yaani alipoanza kushika raketi nyumbani tayari kulikuwa na watu watatu wa kumrudishia mpira. Nyie mnajua hiyo ni utajiri kiasi gani? Tenisi huwezi kucheza peke yako zaidi ya kupiga ukuta.

Halafu Canada yenyewe. Yale mashindano ya Montreal na Toronto ni mali ya chama chao cha tenisi, faida inarudi kwenye kulea vijana. Kocha wake Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon 1998. Na waildikadi ya kuingilia Montreal nani aliitoa? Chama hichohicho. Nchi yenye mashindano ya WTA 1000 (ngazi ya juu ya tenisi ya kulipwa ya wanawake chini ya Grand Slam) ina mlango wa kuwapitishia watoto wake. Okutoyi mlango huo apewe na nani? Kwa hiyo Mkesha Hoi sio kutokujali tu, ni mfumo.

#11 Mtu wa Bekihendi
Mzee wa Kona nusu umesema kweli, nusu umepamba. Waildikadi haipigi sevu. Januari mwaka huu Mboko alikuwa nafasi ya 333. Alianza na vile vishindano vya ngazi ya chini, W35, huko Martinique na Guadeloupe ambako watazamaji ni wazazi na kuku, akashinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza hata seti. Roland Garros, ile Grand Slam ya Ufaransa, akapita kwenye mchujo mpaka raundi ya tatu. Hapo hakuna mtu alimbeba. Alipopewa ile kadi ya Montreal alikuwa ameshajipeleka mwenyewe mpaka 85. Nusu fainali na Rybakina alianguka akaumia kifundo cha mkono, akaokoa mechi pointi (pointi ambayo angeipoteza mechi imeisha), akashinda tai-breki ya seti ya tatu. Hicho ni kipaji na roho ngumu, tusitafute mchawi.

#12 Mzee wa Kona
Kufika Martinique tu ni nauli mkuu. Nani alilipa?

#13 Mtu wa Bekihendi
Sawa hapo sina jibu la haraka 😅

#14 chapo254
Wacha niwaambie kuhusu Angella kwa wale hamjui. Amezaliwa Januari 2004, pacha, mama yao akafariki baada ya kujifungua. Wakalelewa na nyanya yao ambaye alikuwa anafanya usafi shule ya msingi hapo Loresho, Nairobi. Tenisi akaanza akiwa mdogo kabisa kupitia mjomba. Huyo hakukuwa na klabu, hakukuwa na baba wa kumwendesha na gari. Kutoka hapo mpaka Wimbledon ni kupanda mlima na magoti. So mtu akisema "amekwama" mimi huwa nashangaa, amekwama kulinganisha na nani?

#15 jirani_mwema
Nilisoma mahali amezaliwa Burundi?

#16 chapo254
Zii. Burundi alienda kufunzwa, kile kituo cha ITF (shirikisho la tenisi la dunia) cha Bujumbura. Mkenya kabisa. Na hela kubwa ya kusafiri miaka ya ujuniani ilitoka kwa ule mfuko wa Grand Slam wa kusaidia nchi ndogo, sio kwa serikali yetu. Serikali ilikuja na picha.

#17 Mama Shani
Nami nichangie kidogo. Binti yangu ana miaka 11 anacheza, niko Dar. Nyie mnaongelea kipaji, mimi naongelea pochi. Kocha kwa saa, uwanja kwa saa, viatu kila miezi minne maana vinalika kidole gumba kama vimetafunwa na panya. Mwaka jana alichaguliwa kwenda mashindano ya nje, ofisi moja ikatuahidi tiketi, tukaaga mpaka shuleni wakamwimbia. Siku mbili kabla tukaambiwa bajeti imekwenda kwingine. Mtoto alikaa na begi lake limepangwa pale sebuleni wiki nzima, hataki litolewe nguo. Mpira wa miguu mtoto akikosa safari moja atacheza kesho mtaani. Tenisi ukikosa safari umekosa pointi, ukikosa pointi hujaitwa safari ijayo.

#18 BintiMvita
Pole sana mama Shani, bado anacheza?

#19 Mama Shani
Anacheza. Sasa hivi anapiga ukuta wa jirani mpaka jirani kaja kulalamika.

#20 Fundi Nyuzi
Mimi nasuka raketi, huu uzi ni wa kwangu kwa haki zote maana nyuzi ndo chakula changu. Nawapa siri ya korti. Mchezaji mkubwa anaingia mechi na raketi sita au zaidi kwenye begi, zimesukwa asubuhi ileile, na kila wakibadilisha mipira anachomoa mpya. Zile nyuzi ngumu za poliesta zikisukwa leo, baada ya masaa machache ya kupigwa zishalegea, ukipiga mpira unatoka unaruka mstari. Mtoto wa kwetu ana raketi mbili, moja imekatika, nyingine ina uzi wa tangu Pasaka. Analetewa kwangu ikikatika tu, naiangalia pale katikati nyuzi zimechimbana mitaro zimebaki nyembamba kama uzi wa kushonea, namwambia bwana hii haikukatika leo, imekufa zamani ila haijazikwa. Halafu kocha anamgombeza "mbona mipira inatoka nje". Mimi nakaa kimya, natafuta riziki.

Sisemi Okutoyi alikuwa hivyo, yeye kwenye timu ya ITF vifaa walipata. Nasema tunapomlinganisha mtu wetu na wao tuhesabu na vitu kama hivi.

#21 Kaa la Moto
Fundi Nyuzi unasuka bei gani?

#22 Fundi Nyuzi
Njoo inbox, hapa kuna watu wa mapato.

#23 Prof wa Kijiweni
Naona kila mtu kakwepa jambo lenyewe: CHUO. Januari 2023 Okutoyi alikwenda Auburn, Alabama, kwa skolashipu. Hapo ndipo njia zilipoachana. Rankingi ya WTA inahesabu mashindano ya wiki 52, mtu anayecheza mechi za chuo msimu mzima hakusanyi pointi za WTA hata ashinde zote. Anacheza mashindano ya kulipwa likizo tu. Na kwa sheria za wakati anaingia, zawadi inayozidi gharama zake hairuhusiwi kuibeba. Mboko kaamua kuwa mchezaji wa kulipwa, Okutoyi kaamua kusoma. Ni uamuzi, sio balaa.

Na huo uamuzi ulikuwa na bei yake. Machi 2024 alibeba dhahabu ya michezo ya Afrika Accra, ile dhahabu ilikuwa tiketi ya Olimpiki Paris lakini kwa sharti awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwemo. Paris akaikosa hivyo.

#24 Mtu wa Bekihendi
Prof chuo sio kaburi. Diana Shnaider alipitia chuo cha NC State msimu mmoja, leo yuko juu kabisa na medali ya fedha ya Olimpiki Paris kwenye wawili wawili. Emma Navarro alikuwa bingwa wa vyuo akiwa Virginia, mwaka jana nusu fainali ya US Open. Ben Shelton alitoka Florida. Mayar Sherif wa Misri alikuwa Pepperdine, ndo Mmisri wa kwanza wa kike kubeba taji la WTA. Tena Shnaider huyohuyo na Ngounoue ndio waliowafunga Cross na Mboko fainali ya vijana Australia 2022. Dunia ndogo.

#25 Prof wa Kijiweni
Navarro baba yake ni bilionea mkuu, huo mfano urudishe dukani.

#26 Mtu wa Bekihendi
Na Sherif je? Na Shelton baba yake alikuwa kocha wa chuo, sio bilionea.

#27 Prof wa Kijiweni
Baba kocha ni zaidi ya bilionea kwenye tenisi.

#28 Mzee wa Kona
😂😂 hapo Prof kapata pointi.

#29 mjukuu_wa_bibi
Mimi naona mnamwonea huyu dada. Bibi kakulea kwa ufagio, halafu unakuja kupewa chuo Marekani cha bure, chakula, kocha, jimu, daktari wa magoti. Upande wa pili unaambiwa nenda Monastir Tunisia ucheze W15 wiki baada ya wiki, zawadi za mashindano yote jumla dola 15,000, bingwa mwenyewe anaondoka na elfu mbili na ushee, na ukitolewa raundi ya kwanza hela ya hoteli umekopa. Nyie mngemshauri nini kama ni dada yenu? Mimi ningemfungia begi la Alabama mwenyewe.

#30 chapo254
Amen. Na Paul Wekesa mnamsahau? Alipita chuo California kabla awe pro, akafika 100 duniani miaka ya 90 na mataji matatu ya ATP (tenisi ya kulipwa ya wanaume) ya wawili wawili. Hakuna Mkenya amefika hapo tena. So hii njia si mpya, ni ileile ya babake Adamu.

#31 jirani_mwema
Hivi Wekesa alikuwa anacheza wapi mazoezi?

#32 Mzee wa Kona
Jirani mwema wewe kila siku una swali nje ya mada. Nairobi, kijana, Nairobi.

#33 Bolboi Mstaafu
Salaam. Nilikuwa bolboi, muokota mipira, klabu moja Dar miaka ya 90, sitaitaja. Kopo jipya la mipira likifunguliwa linalia tsss, lile sauti mimi mpaka leo nikisikia soda ikifunguliwa nageuka. Mzungu au Mhindi tajiri anatumia kopo mechi moja, mipira iliyochoka ndio tunapewa sisi. Tulijifunza tenisi kwa mipira iliyokufa, isiyoruka. Kwa hiyo sisi wote wa pale tulikuwa tunapiga mpira tukiwa tumeinama chini, magoti yamekunjwa, ukija mpira mpya wenye upepo unakupita juu ya bega. Tulikuwa na jamaa mmoja mkono wa kushoto, alikuwa anawafunga wenye klabu wote, lakini kwenye mashindano haruhusiwi kwa kuwa sio mwanachama. Siku hizi anaendesha bajaji, na bado anaipiga honi kwa mkono wa kushoto.

Nilitaka kusema nini... ndio. Mwenzenu Okutoyi alivuka ule ukuta wa uanachama, basi mimi nampigia saluti hata asiposhinda tena.

#34 Kaa la Moto
Bolboi umeniliza halafu ukanichekesha kwenye sentensi moja.

#35 BintiMvita
Mimi narudi kwenye ile fainali maana naona inatumika vibaya. Uwanjani walikuwa WANNE. Nijkamp wa Uholanzi, nchi tajiri yenye viwanja kila kijiji, yuko wapi? Hayumo 100 bora. Kayla Cross, Mkanada, kalelewa na chama kilekile cha Mboko, anapata waildikadi zilezile, hayumo 100 bora. Mboko peke yake ndiye aliyepasua. Kwa hiyo kama ni mfumo, mbona Cross mfumo haujampeleka? Na kama ni chuo, Nijkamp je? Mkesha Hoi umeuliza kwa nini Okutoyi hakuwa Mboko. Swali lingeweza kuwa kwa nini watatu wote hawakuwa Mboko.

#36 Mzee wa Kona
Hili sikuliwaza. Ila mfumo sio kwamba unahakikishia, unaongeza tiketi za bahati nasibu. Canada wananunua tiketi mia, moja ikishinda tunasema kipaji. Sisi tumenunua moja, tena kwa mkopo wa bibi.

#37 Mtu wa Bekihendi
Na hiyo moja ilishinda Wimbledon ya vijana kwa hiyo mahesabu yako yana tobo.

#38 Goma Mulima
Mboko naye aliumiaka goti, alikaa inje wakati murefu. Siyo kusema alipanda tu kama lifti.

#39 Subira Haivuti Kheri
Watu mna haraka kama mnawahi daladala ya mwisho. Ons Jabeur alibeba Roland Garros ya vijana 2011. Taji lake la kwanza la WTA ni Birmingham 2021. Hesabu vidole: miaka kumi! Alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata yuko fainali ya Wimbledon ya wakubwa, 2022 hiyohiyo Angella anabeba ya vijana, akafungwa na Rybakina. Rybakina huyu ambaye Mboko kamtoa juzi. Okutoyi ana miaka 21 leo. Mnamzika mtu yuko darasani?

#40 Prof wa Kijiweni
Jina lako linasema subira haivuti kheri halafu unahubiri subira. Chagua moja.

#41 Subira Haivuti Kheri
Jina nilifungua nikiwa na hasira ya ndoa, liache.

#42 Mkesha Hoi (27 Agosti 2025)
Narudi kwenye uzi wangu kwa aibu. Mboko katolewa raundi ya kwanza US Open na Krejcikova, seti mbili kavu. Nilikesha tena.

#43 Mtu wa Bekihendi
Krejcikova ana Roland Garros na Wimbledon kabatini, sio aibu.

#44 mjukuu_wa_bibi
Wiki tatu zilizopita alikuwa malkia wa dunia humu, leo kimya. Ndo mjue mlivyomhukumu Angella kwa mechi moja ya 2022.

#45 Mzee wa Kona
Lakini mwenye kufungwa raundi ya kwanza US Open mwaka huu anaondoka na dola 110,000. Mama Shani akipewa hiyo binti anapiga tenisi mpaka aolewe.

#46 Mama Shani
Naomba namba ya Krejcikova anifunge mimi.

#47 Kaa la Moto (3 Novemba 2025)
Nafufua kaburi. Mboko kabeba Hong Kong jana, kamfunga Bucsa wa Hispania seti tatu. Taji la pili la WTA mwaka huu. Mkesha Hoi ulikesha?

#48 Mkesha Hoi
Hong Kong ni mchana kwetu bwana, nililala usingizi wa haki. Ila msimamo wangu naubadilisha nusu: sio tumemuua Okutoyi, ila tungemsaidia angekuwa na uchaguzi zaidi ya chuo au Monastir.

#49 Prof wa Kijiweni
Nusu unayobakiza ndiyo mbovu, ila leo nimechoka kubishana.

#50 chapo254
Mi bado nataka waipange hiyo mechi tena, Angella na yeyote, Mboko na yeyote, tai-breki ya pointi kumi pekee, Nairobi. Bei ya tiketi wajue sisi ni hustlers.

#51 jirani_mwema
Samahani wakuu, hivi 11-9 kwa nini isiishie 10-9?

#52 BintiMvita
Lazima umpite mwenzako kwa pointi mbili, jirani. 10-9 bado mko vitani.

#53 Fundi Nyuzi
Mama Shani ile raketi ya binti iko tayari tangu Ijumaa. Na mwambie jirani ukuta utapona.